Kabla Hujamhukumu Mwenye Sheli



Kaa kidogo na madereva hapa kwetu Kigoma, pale stendi ya Kasulu, au nenda Kibondo ukanywe nao chai, utasikia lalamiko lilelile: gari inakunywa. Noah iliyokuwa ikienda kilomita kumi na moja kwa lita, sasa tisa inazipata kwa taabu. Na hukumu imeshatolewa kabla kesi haijasomwa: mafuta yamechakachuliwa, au pampu imechezewa.

Sisemi haiwezekani. Tulishauziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na hakuna aliyesahau. Lakini mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianzisha vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi bei yake ikaikaribia ya dizeli. Tangu hapo anayechanganya anahangaika kwa faida ndogo. Pampu nazo zina mwenyewe, Wakala wa Vipimo, anayezihakiki na kuzibandika stika. Mwenye sheli abaki kwenye orodha ya watuhumiwa, ila mimi namweka mwisho kabisa.

Wa kwanza ni sisi wenyewe na namna tunavyonunua. Wengi wetu tunasema, "Weka ya elfu ishirini." Mafuta yetu yanasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini Dar es Salaam, na bei kikomo inatangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ikipanda, ile elfu ishirini inatoa lita chache zaidi, gari linakatika njiani mapema, na dereva anaapa kwamba injini imeharibika. Injini haijui bei. Hesabu ya ulaji ni kilomita kwa lita, basi, noti hazimo.

Kwa hiyo jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Tembea siku zako kama kawaida, kisha urudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaziwa, andika kwenye daftari, halafu urudie, maana hesabu ya tenki moja inaweza kudanganya. Wenzetu wa magari ya mashirika, yale yanayokwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996 na Nduta tangu ilipofunguliwa tena 2015, hawaondoki bila kujaza kitabu cha safari: kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, lita zilizoingia. Sisi tunakiona kitabu kile kama urasimu wa wazungu. Ndicho kinachomwambia meneja wa magari, bila kelele, kwamba Land Cruiser fulani imeanza kuumwa.

Tena upime safari ya kwenda na kurudi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu ni zaidi ya 1,200. Kuipandisha Noah yenye watu na mizigo kutoka Kigoma mjini kunagharimu karibu lita moja ya petroli kwa mlima peke yake, mbali na mafuta ya mwendo. Ukipima wakati wa kupanda tu utalia, na ukipima wakati wa kushuka tu utatamba kijiweni.

Kuna mtego mwingine, nao upo huku kwetu hasa. Barabara ilipokuwa ya vumbi na mashimo, watu waliweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili kuinua gari. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini mita haijui kwamba tairi limebadilishwa. Unakwenda kilomita 107, mita inasoma 100. Kilomita saba zimepotea kwenye hesabu, wala hakuna mwizi.

Halafu ikaja lami. Mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha maisha ya mkoa huu, na atakayebeza hakuwahi kulala njiani msimu wa mvua. Wengi walitegemea kwamba barabara ikilainika, mafuta yatapungua. Yangepungua kweli, kama tungebaki kwenye mwendo wa themanini. Lakini mguu wa dereva umefunguliwa. Upinzani wa upepo hauongezeki taratibu: mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unakuwa mzito mara nne. Ongeza keria juu ya paa, ndani ya keria magunia ya maharage na mikungu ya ndizi, na sasa unakwenda 110. Gari halina kosa lolote hapo.

Tuseme umepima vizuri, mwendo wako ni wa kiungwana, upepo wa matairi uko sawa, na bado daftari linasema ulaji umepanda. Nenda gereji. Fundi atachomoa chujio la hewa, alipige chini, vumbi jekundu litimke, aseme, "Umeona, bosi?" Umeona vumbi, ndiyo. Lakini watafiti wa maabara ya Oak Ridge kule Marekani walilipima jambo hili mwaka 2009: kwa magari ya petroli yenye kompyuta ya injini, chujio lililoziba linapunguza nguvu ya gari na karibu halibadilishi ulaji, kwa sababu kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Chujio lisafishwe au libadilishwe kwa ajili ya uhai wa injini, hilo sibishani nalo. Anayeumia mfukoni ni kijana wa bodaboda, maana pikipiki nyingi bado zina kabureta, na kabureta haipimi chochote. Hewa ikipungua, inaendelea kumimina. Na ukizingatia kwamba huku juu hewa yenyewe ni nyepesi, bodaboda wa Kibondo mwenye chujio chafu anaungua mara mbili.

Kuna pia breki zinazoshika. Matope yakikaukia kwenye kalipa, pedi haiachii diski vizuri. Simamisha gari baada ya kulitembeza bila kukanyaga breki sana, usogeze kiganja karibu na kila rimu, bila kuigusa. Ikiwa moja inatoa joto kuliko wenzake, anza hapo.

Sasa nifike ninapotaka kugombana na mafundi wetu. Pale mpira wa rejeta unapoungana na injini kuna kidude kidogo, unakiweka kiganjani, kina bamba la shaba, springi na nta ndani yake. Ndiyo themostati. Injini ikiwa baridi, inafunga njia ili maji yasiende kwenye rejeta. Maji yakipata moto, nta inatanuka na mlango unafunguka. Kwenye Toyota nyingi utaona imegongwa namba 82 kwenye bamba: nyuzi joto 82. Gari likichemsha mara moja tu, fundi anakwambia, "Mzee, hii ni ya nchi za baridi. Tukiitoa, gari haichemshi tena." Anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Nchi za baridi! Fundi mwenyewe anasema hayo asubuhi ya Juni, Kibondo, akiwa amevaa sweta na koti juu.

Bila themostati, maji yanapita kwenye rejeta muda wote. Injini haipati joto lake. Kompyuta inasoma ubaridi huo, inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa alfajiri, inaongeza petroli, na inaendelea hivyo mpaka unafika Kasulu. Dalili yake ni mshale wa joto unaokaa chini na kuzidi kushuka kila unapoteremka mlima. Na ule ugonjwa wa kuchemsha haujapona. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutu, kwa sababu tunaijaza maji ya kisima badala ya kulanti, au ni feni, au mfuniko wa rejeta uliochoka.

Kabla ya kununua sensa ya oksijeni, kabla ya plagi mpya, kabla ya kwenda kwenye kompyuta ya kupimia, muulize fundi swali moja: themostati ipo? Ikiwepo, aitoe muipime. Itumbukizwe kwenye sufuria ya maji jikoni, iwekwe motoni. Huku kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo kabla hayajatokota inatakiwa uuone mlango umefunguka. Isipofunguka, au ikiwa ilishakuwa wazi tangu maji ni ya baridi, nunua nyingine. Akikwambia Kasulu hazipatikani, piga simu duka la spea Mwanza, utaje aina ya gari na injini. Watakutumia kwa basi, na wewe utaipokea stendi.