Kitambulisho cha Mmakonde

Juma hili nakuomba utie mkono mfukoni uguse kitambulisho chako. Wengi wetu tulikichukua tulipotimiza miaka 18, tukapiga foleni, tukalalamika kwamba picha imetutoa vibaya, kisha tukasahau. Leo nataka tuwazungumze watu waliokisubiri kwa zaidi ya nusu karne.

Wamakonde wa Kwale asili yao ni Msumbiji. Waliletwa na kazi za mashamba ya mkonge na miwa zama za ukoloni, na wengine walifika baadaye wakikimbia vita vya kupigania uhuru dhidi ya Wareno. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera yetu ilipopandishwa, wengi walikuwa hapa hapa, kazini. Hakuna aliyewauliza kitu. Wakazaa, wakapata wajukuu, wakachonga vinyago ambavyo watalii walivibeba hadi Ulaya. Kinyago kilivuka mpaka bila taabu. Mchongaji aliogopa kizuizi cha polisi.

Nimewahi kuongea na mzee mmoja wa jamii hiyo. Nilidhani atanieleza habari za kupiga kura. La, alinieleza habari za simu. Laini yake ilikuwa kwa jina la jirani, hivyo fedha alizotumiwa na binti yake ni mali ya jirani mpaka jirani apende. "Na jirani, mwanangu, naye ni binadamu," akasema. Sikumdadisi zaidi.

Manufaa ya uraia ndiyo hayo, msikilizaji. Bila kitambulisho husajiliwi M-Pesa, hufungui akaunti ya benki, na bawabu wa jengo la ofisi hakufungulii. Mvuvi hapati leseni. Kuhusu ardhi, Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodisha tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Unaweza kuwa umewazika babu na baba katika shamba ambalo kamwe halitakuwa lako.

Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 ilifungua njia. Mtu asiye na nchi, aliyeishi Kenya tangu Uhuru, angeweza kuomba asajiliwe, mradi anajua Kiswahili au lugha ya wenyeji. Lakini ikaweka muda: miaka mitano, na nyongeza isiyozidi mitatu. Hapo mimi sikubali. Serikali ikae karibu miaka 50 bila kuwaona, halafu wao wapewe mitano ya kujitokeza! Tena mtu ambaye shida yake ni kukosa karatasi aliambiwa alete karatasi.

Oktoba 2016 walichoka kungoja. Mamia walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kueneza Injili, walipewa vyeti mwaka 2021, na Wapemba wa pwani wakafuata mwaka 2023.

Wapo wanaouliza kama raia wa kusajiliwa ni raia kamili. Anapiga kura, anamiliki shamba, anapata pasipoti. Bunge anaweza kuligombea baada ya miaka kumi ya uraia. Ila uraia wake waweza kufutwa, kwa mfano ikigunduliwa aliupata kwa udanganyifu, na urais haugombei, kwani Katiba imeuweka kwa raia wa kuzaliwa. Lakini mtoto atakayezaliwa na mama Mmakonde mwenye cheti ni raia wa kuzaliwa tangu siku ya kwanza. Huyo akitaka Ikulu, hatahitaji kwenda kwa miguu kuomba kitambulisho.