Ubongo Unapopungukiwa na Hewa Mlimani

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimeombwa nizungumze kwa dakika chache kabla ya ajenda ya maji. Nitazungumza juu ya hewa, kwa kuwa msimu wa watalii umekaribia na kila kitongoji hapa kina kijana aliyekwisha kujiandaa kubeba mizigo Kilimanjaro. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni habari. Niliyo nayo nimeyapata vitabuni na kwa waganga, na machache nimeyaona mwenyewe.

Husemwa kwamba kule juu oksijeni imeondoka. Kwa hakika sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, yapata asilimia 21, hapa petu na kilele cha Uhuru penye mita 5,895. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ambayo kileleni ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo, na damu hutoka mapafuni ikiwa pungufu.

Ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yetu, wala hauna ghala. Basi hufanya kama mwenye shamba aliyepunguziwa zamu ya maji: hupanua mlango wa mfongo. Mishipa ya damu ya ubongo hutanuka ili damu nyingi zaidi ipite. Wakati huohuo mtu huhema upesi, na kuhema huko hutoa mwilini hewa ya ukaa; nayo hewa ya ukaa ikipungua, mishipa ileile huamriwa kunywea. Amri mbili zinagongana katika kichwa kimoja. Mahali pa juu sana amri ya kutanuka hushinda, na siku za mwanzo damu iendayo ubongoni huongezeka. Mwili ukipewa siku kadhaa, figo hurekebisha damu, kuhema huimarika, na mtiririko huo hurudi taratibu kuelekea kiwango chake cha kawaida. Siku hizo ndizo zinazofupishwa na safari za haraka.

Mfongo uliojaa kupita kiasi huvuja kingoni. Ndivyo iwavyo pia kwa mishipa hii: maji yanaweza kupenya hadi kwenye nyama ya ubongo, ukavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mapafu nayo hutenda kinyume cha ubongo. Mishipa yake hujibana, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na maji yanaweza kujaa humo. Hapo mgonjwa hukohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi.

Miaka michache iliyopita nilipanda hadi Kibo, kama mita 4,700, nikiwa na kamera. Niliporudi nilisoma daftari langu: mistari miwili ya mwisho haikuwa na maana yoyote, na wakati naiandika niliiona safi kabisa. Kijana aliyenibebea begi alikuwa akiumwa kichwa tangu siku iliyotangulia. Alinificha. Aliniambia baadaye kwamba mpagazi anayelalamika haitwi safari ijayo.

Hapo ndipo penye hatari yetu, ndugu zangu. Tunawaita wapagazi "wagumu", na jina hilo limewafunga midomo. Ugumu hauzuii ubongo kuvimba, na kuzaliwa katika migomba ya mteremkoni hakumkingi mtu kwa mita 5,000. Hata aliyepanda mwezi uliopita, akikaa nyumbani majuma kadhaa, sehemu kubwa ya mazoea yake imekwisha kupotea.

Kichwa kikiuma, na pamoja nacho kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, mtu asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi, kuropoka, au kushindwa kutembea kisigino kwa kidole katika mstari mnyoofu, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe ateremke peke yake. Dawa na mtungi wa oksijeni husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka. Askari wa hifadhi waarifiwe mapema. Machela ya gurudumu moja haina faida ikiitwa alfajiri kwa mgonjwa aliyezimia jioni.

Wenye selimundu, upungufu wa damu au maradhi ya moyo wamwone mganga kabla ya kujiandikisha. Wazazi, waulizeni vijana wenu swali hilo leo usiku, wao hawatalianza.

Naishia hapa nipishe maswali. Namwona bibi pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja mfongo, na nahisi lake ni la ajenda inayofuata.