Amani ya Msema Kweli Kazini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuyajua yaliyofichwa vifuani kama ayajuavyo yaliyotamkwa na ndimi. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baad. Ndugu Waislamu, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani ucha Mungu haukomei msikitini. Unamfuata mtu mpaka dukani, ofisini, shambani na malishoni.

Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la dini, nalo ni amani ya moyo ya mtu anayefanya kazi chini ya mwenzake. Je, akiona kosa anaweza kulisema? Akikosea yeye mwenyewe, anaweza kukiri mapema kabla madhara hayajaenea? Na asipojua, anaweza kuuliza bila ya kudharauliwa?

Tutazame kisa kilichotokea katika nchi yetu. Si mbali na Kakesio, katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, pana mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Bibi Mary Leakey walikuwa wakichimba hapo. Mmoja wao aliona alama iliyofanana na kisigino cha mwanadamu, imeganda katika majivu ya kale ya volkano. Wenzake wakahitilafiana, baadhi yao wakaona kwamba hapafai kupotezewa wakati. Imesimuliwa kwamba mwishowe alitumwa mfanyakazi wa kambi, si mtaalamu, akachimbe kidogo. Aliporudi akasema ameona nyayo mbili, na moja ni kubwa, akaonyesha ukubwa wake kwa mikono yake. Wapo waliodhani anatia chumvi. Walipokwenda kutazama wakakuta kweli. Zikafukuliwa nyayo zilizofuatana kwa urefu wa karibu mita 27, na habari zake zikaenea ulimwenguni kote.

Hatukusudii leo mjadala juu ya umri wa nyayo zile. Tunalolitaka ni hili: lau mfanyakazi yule angekuwa amezoea kuchekwa na kukemewa, angeweza kufukia shimo lake, akarudi kambini na kusema kwamba hakuona kitu. Nani angemjua?

Ndugu Waislamu, dini yetu imelitangulia jambo hili kwa mfano ulio bora zaidi. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alisalisha Sala ya rakaa nne, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Abubakar na Umar walikuwamo msikitini, lakini haiba yake iliwazuia wasiseme neno. Akasimama mtu aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn, akamwuliza Mtume kama Sala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume hakumkaripia. Aliwauliza waliohudhuria, wakamsadikisha Dhul-Yadayn. Basi akaitimiza Sala, kisha akasujudu sijda ya kusahau.

Hapa tunapata mafundisho mawili makubwa. La kwanza, kunyamaza kwa watu si dalili kwamba mambo ni sawa. Ikiwa Abubakar na Umar, pamoja na ushujaa na mapenzi yao, walizuiwa na haiba, itakuwaje kwa karani mpya mbele ya mkuu wake, au kwa muuguzi kijana mbele ya mganga? Mkubwa asiseme, "Mbona hakuna aliyenilalamikia?" Ajiulize ni nani aliyewahi kumlalamikia na ni jambo gani lililompata baada ya hapo. La pili, Mtume hakuuliza ni nani huyu hata anisahihishe. Aliuliza kama alilolisema ni kweli.

Tena tuzingatie Vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume aliwashauri Sahaba, na wengi wakapenda kutoka nje ya Madina. Vitani baadhi ya wapiga mishale waliacha mahali walipowekwa, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Baada ya msiba huo, katika Sura ya Aali Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume wake kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangelimkimbia. Akamwamrisha awasamehe, awaombee maghufira na azidi kuwashauri katika mambo. Amri ya kushauriana imetiliwa nguvu baada ya hasara, wakati ambapo wakubwa wengi huufunga mlango.

Na wale wenye mifugo katika pande za Kakesio wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Mtoto mchungaji akirudi jioni na habari kwamba ng'ombe mmoja anakohoa, akapigwa kwa sababu ya habari hiyo, siku ya pili ataficha. Ikiwa ni homa ya mapafu, ugonjwa wenye kuambukiza, zizi zima litakuwa hatarini kabla mwenye mali hajajua. Fimbo ile haikuuponya ugonjwa. Iliondoa habari zake tu.

Wala hatusemi kwamba kazi ikose nidhamu. Mwizi na mzembe wa makusudi wana hukumu yao. Lakini aliyekosea kwa kutojua, akaja mwenyewe kusema, asichanganywe na mhaini. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10, naye amesimulia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuchukizwa.

Basi enyi mlio wakubwa wa kazi, walimu wa madrasa na wazazi: mletewapo habari mbaya, tangulizeni shukurani kabla ya maswali. Mkutanapo, waacheni wadogo waseme kwanza. Mkosolewapo kwa haki, kirini mbele ya wale wale waliosikia. Nanyi mlio chini, semeni kwa adabu, kwa ushahidi na kwa nia ya kutengeneza, kwani Mtume amefundisha kwamba dini ni kupeana nasaha, na viongozi wamo katika wanaostahiki nasaha hiyo.

Ewe Mola wetu, zilainishe nyoyo za wenye amri juu yetu, na zitie nguvu ndimi za wasemao kweli. Usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoogopwa hata wakafichwa haki. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.