Deni la Uwanjani Bujora
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya ngoma za zamani. Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini nimesimama hapa nikiwa na deni, na nitalitaja kabla sijakaa.

Hapa Magu hakuna asiyejua Bulabo. Kwa Kisukuma neno hilo ni maua, yaani yale ya maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mara nyingi sikukuu hiyo huangukia mwezi Juni, mavuno yakiwa yameanza kuingia ghalani na watu wana nafasi. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alifanya kazi Bujora, pale Kisesa, tangu miaka ya 1950. Yeye aliikaribisha ngoma katika sikukuu hiyo wakati wengi waliihesabu kuwa ushenzi, na papo hapo akaanzisha makumbusho ya Wasukuma.

Vijana, ninyi mmezoea mpira wenye mwamuzi na filimbi. Ngoma yetu haina filimbi. Bagika na Bagalu, vyama ambavyo wazee huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza uwanja mmoja na saa ileile. Kila upande huvuta watu, na wenye watazamaji wengi ndio washindi. Ndiyo sababu Bagalu walirusha majembe hewani katika bugobogobo, wengine wakacheza na chatu, wengine na nungunungu. Ndiyo sababu pia dawa ya kuvuta watu ilitafutwa kwa bidii sawa na ngozi ya ngoma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, upande wa Bagika. Mwaka 1977 mimi nilikuwa kidato cha pili. Siku ya Bulabo nilidandia lori la pamba pamoja na wenzangu wawili mpaka Kisesa. Tukamkuta babu katikati ya duara, njuga miguuni, jasho linamtiririka, anaimba. Akaniona, akainua mkono.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Mzee yule mnajuana?"

Nikajibu, "Simjui."

Nikawavuta wenzangu, tukavuka kwenda kwenye majembe. Vijana wengine walikuwa wakivuka vilevile, na kabla jua halijatua duara la babu lilikuwa na mapengo. Siku ile Bagika walishindwa.

Usiku nilikwenda nyumbani kwake, nikitegemea fimbo. Aliniuliza tu, "Bugobogobo ilikuwa nzuri leo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kweli, walicheza vizuri." Kisha akaongeza, "Mjukuu wangu, wewe unajua kuandika. Lete daftari siku moja, uniandikie nyimbo zangu."

Nikamwambia nitaleta baada ya mitihani. Ikaja mitihani mingine, ikaja kazi. Babu alifariki mwaka 1981, na daftari sikulipeleka.

Ndugu zangu, deni langu ndilo hilo. Kuvuka uwanja ni haki ya mtazamaji, hata babu alilikubali hilo. Ila mimi nilimkana mzee wangu kwa aibu ya shule, na elimu niliyoipata hapa, ambayo ingeweza kumhifadhi, sikuitumia kwa ajili yake. Katika nyimbo zake zote ninakumbuka mmoja mzima, na mwingine nusu.

Leo nimeleta madaftari makubwa 20 kwa ajili ya maktaba ya shule. Vijana, ninyi mna hata simu za kurekodi sauti, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Likizo hii mkae na wazee wenu, muwaulize nyimbo walizoimba, ni nani aliyezitunga, na zilichezwa upande gani. Andikeni kwa Kisukuma kama zilivyo, kisha mfafanue kwa Kiswahili.

Daftari la kwanza nimelianza mwenyewe. Wimbo ule wa nusu uko ukurasa wa tatu, na chini yake nimeacha nafasi. Mwenye mzee aliyecheza na Bagika miaka ile, amwulize unamalizikaje.