Ujuzi wa Kisima Usizikwe na Wazee
(Hotuba kwa kamati za maji)



Tuanze na pampu ya Afridev, ile ya mpini mnayoijua nyote. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika huku kwetu Afrika, na Kwale ni mojawapo ya mahali ilipojaribiwa. Shabaha ilikuwa hii: ikiharibika, mwanakijiji aitengeneze mwenyewe, asingoje gari la mradi. Spana moja yafungua karibu kila nati. Pistoni hutolewa bila kung'oa bomba refu la plastiki, na valvu ya chini nayo huvuliwa kwa ndoano yake kupitia bomba lilo hilo. Kule Kwale akina mama walifundishwa kazi hii, wakaiweza.

Sasa tuulizane: ni wangapi hapa walio chini ya miaka 30 wanaoweza kubadilisha ule mpira wa pistoni? Naam, mnatazamana! Waliofundishwa wamezeeka, wengine tumewazika, na vijana wako mjini. Tumeona kisima chenye maji tele, pampu imekufa, watu wamerudi kuchota bwawani pamoja na ng'ombe. Na kipindupindu hakiulizi kama kisima kipo. Kilichokosekana ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, pamoja na mtu anayejua kwamba mdomo wake hutazama juu. Ukikigeuza, utapiga mpini mpaka jioni.

Wengine watasema siku hizi kuna pampu za sola. Ni nzuri, hatuzikatai. Lakini kile kisanduku cha umeme kikiungua, nani kijijini atakifungua?

Kila kamati iwe na daftari: kina cha kisima, vyuma vingapi vimeshushwa, mpira ulibadilishwa lini. Lakini daftari peke yake halifungui nati. Kwa hiyo tunaomba mpira ubadilishwe kila mwaka, hata pampu ikiwa haijalalamika, na siku hiyo mshika spana awe kijana. Mzee asimame kando aseme kwa mdomo tu. Ni vigumu, wazee wetu, twajua mikono itawawasha.

Baada ya chai tutafungua pampu ya hapa kanisani. Kila kamati itoe kijana mmoja, msichana au mvulana. Sabuni ya kunawa kabla ya kushika vyuma ipo, na klorini ya kutia kisimani tukimaliza pia ipo.