Mwizi Asiyevunja Mlango

Sisi wa kamati ya fedha tumetumwa tuseme juu ya wizi wa kwenye mtandao, na juu ya fedha yetu iliyopotea.

Zamani mwizi alivunja ghala usiku. Tukanunua kufuli, tukaajiri mlinzi. Mwizi wa sasa yuko mbali, na mlango tunamfungulia wenyewe. Wote mnaujua ule ujumbe wa simu, “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Huyo mtu hamjui yeyote kati yetu. Anautuma kwa watu wengi tu, na yule ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa ndiye anayenaswa.

Basi, msimu uliopita karani wetu alipata barua kwenye kompyuta ya ofisi. Ilikuwa na jina la muuza mbolea wetu, hata salamu zake. Ilisema akaunti yake ya benki imebadilika, tulipe kwenye akaunti mpya leo hii, eti gari limekwisha kupakia. Karani akalipa shilingi milioni mbili. Kumbe anwani ya barua ilikuwa na herufi moja tofauti.

Kesho yake karani aligundua. Lakini alinyamaza siku nne. Kwa nini? Kwa sababu mwaka uliotangulia tulimkata mshahara mwenzake kwa upungufu mdogo, tena watu wakamzomea mkutanoni. Karani aliyaona hayo. Angesema siku ile ile, benki ingeweza kujaribu kuizuia fedha. Baada ya siku nne ilikuwa imekwisha kutolewa. Kosa la kulipa ni lake. Zile siku nne ni zetu. Wapo wanaotaka afukuzwe, sisi hatukubali. Karani mpya naye angejifunza kuficha.

Tangu sasa, mtu akisema akaunti yake imebadilika, tutampigia simu kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua. Malipo yataidhinishwa na watu wawili. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mwenyekiti. Namba za simu za matapeli tuzipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na mfanyakazi akikosea, aseme saa ile ile. Hatakatwa mshahara kwa kusema.

Lipo na jambo la kompyuta yenyewe. Mwezi Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry iliingia kwenye kompyuta za nchi kama 150. Ilifunga kumbukumbu zote, kisha ikadai dola 300 au zaidi ili izifungue. Huko Uingereza baadhi ya hospitali zilirudisha wagonjwa. Na dawa yake ilikuwapo! Kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho tangu Machi mwaka ule, lakini wengi hawakuyaweka.

Kompyuta yetu nayo huomba marekebisho, na karani hubonyeza “baadaye”. Tulimlaumu, mpaka akatuonyesha kwamba bando ananunua kwa fedha yake mwenyewe. Jamani! Tunampa mtu ghala alinde, kufuli anunue yeye?

Tunaomba chama kilipe bando kila mwezi. Tunaomba pia kifaa kidogo cha kuhifadhia nakala ya daftari la mizani na malipo ya wakulima. Kikishajazwa kitachomolewa, kikae kwa mweka hazina. Hatuweki mbegu zote ghala moja.

Haya mawili tutayapigia kura leo. Kabla ya hapo, karani mwenyewe yuko hapa, amekubali kujibu maswali. Tafadhali, mwacheni amalize kusema.