Je, Furaha Hununuliwa Dukani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali huko Ikolo, Wilaya ya Kyela)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya furaha ya Wamarekani, jambo la kwanza nililojiuliza ni kwa nini watu wa Ikolo, ambao wengi wetu hatujavuka bahari hata mara moja, tushughulike na furaha ya watu wa mbali kiasi hicho. Jibu nililipata njiani nikija hapa, nilipopita penye kakao iliyoanikwa uani. Kakao ile itauzwa mnadani, itasafirishwa ng'ambo, itasagwa na kuchanganywa na sukari, na huenda mwezi wa Februari, tarehe 14, kijana mmoja wa Chicago akaambiwa na matangazo ya biashara kwamba asipomnunulia mchumba wake boksi la chokoleti basi hampendi. Kwa hiyo sisi tumo katika jambo hili tangu mwanzo wake. Tumo na mwishoni mwake vile vile, maana shati alilolivaa kijana huyo mara tatu nne na kulichoka ndilo litakalofunguliwa katika robota la mitumba sokoni Kyela.

Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 liliitaja haki ya kutafuta furaha pamoja na haki ya kuishi na ya kuwa huru. Neno hilo halina ubaya. Tunaloliuliza leo ni jinsi haki ya kutafuta furaha ilivyogeuka kuwa wajibu wa kununua vitu, kwani mabadiliko hayo hayakuja yenyewe kama mvua. Yalitengenezwa.

Katika miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilikuwa vimefikia hatua ya kutoa bidhaa nyingi kuliko mahitaji ya kawaida ya watu. Mtu aliyekwisha nunua gari zima hakuwa na sababu ya kununua jingine. Kampuni ya General Motors, chini ya Alfred Sloan, ikapata dawa yake: kubadili sura ya gari kila mwaka, ili gari la mwaka jana, hata kama linakwenda vizuri, limwonee haya mwenyewe. Na kwa kuwa si wengi waliokuwa na fedha taslimu, kampuni hiyo ilikwisha kuunda mwaka 1919 chombo chake cha kuwakopesha wanunuzi. Naomba tuyashike mambo hayo mawili, aibu na mkopo, kwa sababu tutakutana nayo tena hapa hapa kwetu.

Mwaka 1929 Edward Bernays, fundi wa propaganda aliyelipwa na kampuni ya tumbaku, aliwapanga wanawake watembee katika barabara kuu ya New York siku ya Pasaka wakivuta sigara hadharani. Sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Sisi tuliouwasha Mwenge wetu juu ya Mlima Kilimanjaro mwaka 1961 tunaweza kupima wenyewe tofauti iliyopo. Kiu halali ya wanawake ya kutaka usawa ilichukuliwa ikauziwa tumbaku, na huo ndio ufundi wenyewe wa utangazaji: unachukua jambo ambalo mwanadamu analihitaji kweli, kama heshima, mapenzi au urafiki, unalifunga kwenye kitu chenye bei, kisha unamwacha mnunuzi agundue nyumbani kwamba kilichomo ndani ya boksi ni kitu tu. Kesho yake anarudi dukani. Mnunuzi akitosheka, biashara hiyo inakufa.

Je, wamepata furaha? Mwaka 1974 mchumi wa Marekani, Richard Easterlin, alilinganisha majibu ambayo Wamarekani walikuwa wakitoa juu ya furaha yao tangu mwaka 1946 hadi 1970. Katika muda huo mapato yao yalipanda sana, lakini idadi ya waliosema wana furaha haikupanda pamoja nayo. Wako wachumi waliompinga. Betsey Stevenson na Justin Wolfers walionesha mwaka 2008 kwamba watu wa nchi tajiri husema wameridhika kuliko watu wa nchi maskini. Lakini hata hao walikiri kwamba Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake wote kuongezeka, haikuonesha ongezeko la furaha.

Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa nchi hiyo, Vivek Murthy, alitoa waraka wa tahadhari. Haukuhusu kipindupindu wala ndui. Ulihusu upweke. Alisema kwamba madhara ya kukosa watu katika maisha ya mtu yanafanana na ya kuvuta sigara hadi 15 kwa siku. Na mimi nikikumbuka ile mienge ya Bernays, naona hesabu imerudi kwa wenyewe. Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 nayo inaeleza kwamba mwaka 2023 karibu Mmarekani 1 kati ya 4 alikuwa amekula milo yake yote ya siku iliyotangulia akiwa peke yake, na kwamba hali hiyo imeongezeka kwa asilimia 53 tangu mwaka 2003. Kula peke yake, Ndugu zangu, katika nchi yenye majokofu makubwa kuliko kabati zetu za nguo!

Hapa msikilizaji mwerevu atanikatiza. Atasema: katika ripoti hiyo hiyo unayoitaja, Tanzania iko nyuma sana ya Marekani. Ni kweli, na sitaki kulificha. Watu huulizwa wayape maisha yao alama kuanzia 0 hadi 10, na mama aliyetembea na mtoto mgonjwa hadi zahanati akakuta hakuna dawa hawezi kutoa alama 8 ili kuwaridhisha wenye kupenda hotuba. Mimi si mtu wa kuusifu umaskini. Wale wenzangu mnaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, sabuni ilipokuwa habari ya kupelekeana na sukari ikapimwa kwa kikombe, mnajua kwamba dhiki haina utamu wowote. Dawa, vitabu, bati, taa ya kusomea, shati safi: hivyo ni vitu, na mtu anavihitaji. Ninachokikataa ni lile daraja linalofuata, pale ambapo mtu amekwisha pata bati na taa na shati, kisha anafundishwa kujiona maskini upya.

Sasa hebu turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati Kyela ingali sehemu ya Wilaya ya Rungwe, wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza maisha yao. Kitabu ambacho Monica alikitoa mwaka 1951 alikiita Good Company, na nyuma ya jina hilo liko neno letu, ukwangala. Vijana wa leo hulitumia neno hilo kwa maana ya kustarehe tu. Wazee walikuwa na maana nzito zaidi: raha ya kukaa na wenzako mlio sawa, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza, na kwa njia hiyo kujifunza adabu na busara. Kwao hiyo ilikuwa sehemu ya utu wenyewe.

Waliijengea na utaratibu. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 hivi walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa na kijiji chao cha rika. Chakula walikula kwa kupokezana: leo kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa waliwaleta wake zao katika kijiji hicho hicho, wakazeeka na majirani waliolala nao kibanda kimoja utotoni. Babu yangu, ambaye aliuona mwisho wa vijiji hivyo, alikuwa akimweleza mtu maskini kwa namna ambayo ilinichukua miaka mingi kuielewa. Hakusema ni yule asiye na ng'ombe. Alisema ni yule ambaye akipika, hakuna anayepita.

Lakini walimu tusiwafundishe watoto historia ya sukari tupu. Ukwangala ulikuwa kwanza wa wanaume. Mwanamke aliufuata ujirani wa mumewe, siyo wa wenzake aliokua nao. Ng'ombe na wake wengi vilikuwa mikononi mwa wazee, na kijana alingoja sana. Tena ukarimu ule ulichanganyika na woga. Monica Wilson aliandika habari za ile pumzi ya watu, imani kwamba hasira ya majirani humletea ugonjwa mtu mchoyo, na hapana shaka wako waliochinja kwa kuogopa kurogwa kuliko kwa kupenda wageni. Kwa hiyo sisemi turudi katika vijiji vya rika. Nasema wazee hao, pamoja na makosa yao, walijua jambo ambalo Daktari Mkuu wa Marekani alihitaji waraka kulitangaza.

Nitaeleza na la kwangu, maana si haki kuwasema Wamarekani nikajiacha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye ikafika hadi huku kwetu, nilianza kuona sebule za watu nisiowafahamu kila usiku, na nikaanza kuionea haya sebule yangu. Hiyo ndiyo aibu ya Sloan. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja mjini nikakopa, nikanunua seti ya makochi na televisheni kubwa. Huo ndio mkopo wa Sloan. Makochi yalikuja na plastiki yake na mke wangu akaamua isitolewe, kwa sababu deni lilikuwa bado. Watoto wa jirani wakakatazwa kuyapanda. Wageni wakawa wanakaa nje, kwenye mkeka, kama zamani, isipokuwa sasa walijua kwamba ndani kuna makochi. Baada ya miezi michache wakapungua. Mwaka wa pili tuliuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya aliyekuja kununua, ili kumalizia deni. Nilikuwa nimenunua kitu cha kukalia nikapoteza watu wa kukaa nao.

Hali ya vijana wetu leo ni mbaya kuliko yangu. Kanuni inataka mtumishi abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na wapo wanaoifikia theluthi hiyo katika mwaka wa pili wa kazi. Wakishaifikia, wanakwenda kwa wale wanaoitwa kausha damu, na kuacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mwalimu wa namna hiyo anaingia darasani kufundisha hesabu ya riba. Wamarekani nao, mwaka 2023, deni lao la kadi za mkopo lilivuka dola trilioni 1. Kwa hiyo tusidhani ugonjwa huu ni wa ujinga wa shamba. Ni ugonjwa mmoja, ila mwenzetu anaugua akiwa na akiba ya mwili na sisi hatuna.

Mfumo huo una na nguvu ya kujilinda. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza na hatimaye kuacha kuingiza nguo kuukuu ili viwanda vyetu vipumue. Wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Rwanda, iliyoshikilia msimamo, mwaka 2018 ikaondolewa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Wengine, nasi tukiwamo, tukarudi nyuma. (Shati nililovaa ni la mtumba, nimeona baadhi yenu mkitabasamu.) Anayenunua kupita mahitaji yake hapana budi apate mahali pa kutupa, na yule anayetupiwa hapaswi kukataa.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, kwamba barabara, majumba na mazao ni vyombo tu vya maendeleo, na kwamba kinachoendelezwa ni watu. Watumishi wengi tulikariri maneno hayo kwa ajili ya mitihani. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipopita dola 10,000 kwa tani, fedha iliyoingia Kyela ilitupa nafasi ya kuyajaribu. Kila mmoja ajikumbushe ya nyumbani kwake ilikwenda wapi: bati na karo, au simu ya pili na mchango wa harusi ya kumshinda jirani.

Nina pendekezo moja dogo kwa walimu waliopo. Katika shule niliyomalizia kazi tulianzisha mfuko wetu: kila mwezi kila mtu anaweka kiasi kile kile, na anayepatwa na msiba, ugonjwa au karo anakopa bila riba. Sharti ni kwamba mkopaji ausemee mbele ya wenzake, mchana, wakati wa chai, akieleza anataka kununua nini. Sharti hilo lilipingwa sana mwanzoni. Mwalimu mmoja aliyetaka simu mpya alianza kueleza, akacheka katikati, akakaa. Mwingine alieleza habari za paa la mama yake, na tukampa zaidi ya alichoomba. Tukaanza na kupika chakula cha mchana pamoja kwa mchele wa zamu, kwa kuwa tulikwisha zoea kukaa.

Ndugu Mwenyekiti, daftari la mfuko huo nimekuja nalo, na masharti yake yameandikwa katika ukurasa wa kwanza kwa atakayetaka kuyanakili. Nasubiri maswali, hasa ya vijana, maana wao ndio wanaokatwa mshahara mwezi huu.